Picha nzuri hata uchochoroni

"Hapa hapana sehemu nzuri ya kupigia picha." Kauli hiyo husikika uswahilini karibu kila penye shughuli. Mtoto amehitimu, binti anaagwa, bibi ametimiza umri ambao wanawe wanataka kuuwekea kumbukumbu. Watu wamevaa wakapendeza, mpigapicha amefika, kisha familia nzima inajazana kwenye gari kwenda kutafuta bustani ya hoteli au, kwa wa Dar es Salaam, ufukwe wa Coco. Nyumba iliyowalea inaachwa nyuma kwa sababu plasta imebanduka, kamba ya nguo imekatiza uani na jirani amemwaga mchanga wa ujenzi mlangoni.

Mimi nasimama upande wa nyumba hiyo. Picha ya mtu inahitaji vitu viwili: mwanga unaomkaa vizuri usoni, na kipande kidogo cha mahali kinachobaki nyuma yake. Mwanga mzuri uko Buguruni kama ulivyo Masaki. Kipande cha ukuta chenye upana wa mkeka mmoja hakikosekani mtaa wowote. Mpigapicha akishajua kuviona viwili hivyo, hahitaji kumhamisha mtu kwao ili ampendezeshe.

Uani kwa Seydou Keïta

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote uko Bamako, Mali. Seydou Keïta, aliyezaliwa mwaka 1921, alikuwa fundi seremala kabla ya kuijua kamera. Mwaka 1948 alifungua studio mjini humo, lakini wateja wake wengi aliwapigia uani, wakiwa wamekanyaga udongo, kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe. Lilipochakaa akatundika kitambaa kingine cha maua, kisha kingine, akibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Miaka mingi baadaye, alipotakiwa kusema ipi ni picha ya mwaka gani, vitambaa hivyo ndivyo vilivyomsaidia kukumbuka.

Zitazame picha hizo bila haraka. Chini ya miguu ya watu utaona ardhi tupu. Kwenye baadhi yake utaona hata ukingo wa kitambaa na ukuta unaoanzia pale kilipoishia. Keïta hakuhangaika navyo. Alihangaika na shingo ya mwanamke igeuke upande gani, mkono wake uegemee wapi, mikunjo ya gauni ilale vipi. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu, na kila kitu kilipangwa kabla kidole hakijagusa kamera. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa peke yake na Fondation Cartier jijini Paris, na leo nakala zake kubwa zinatundikwa katika makumbusho ya dunia. Zimetoka uani, mbele ya shuka.

Pwani yetu nayo haikubaki nyuma. Zanzibar ilikuwa na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza tangu mwaka 1930, na Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh iliyofunguliwa mwaka 1942, ambako vijana na maharusi walipangana kupigwa picha. Lakini kwa mpigapicha asiye na chumba wala mataa, mfano wa karibu zaidi ni wa kivuko cha Likoni, hukohuko Mombasa. Katika miaka ya 1990, pembeni mwa msongamano wa abiria, mikokoteni na magari, wapigapicha wa pale walisimamisha vibanda vyao, wakatundika mapazia yaliyochorwa, wakapamba kwa maua ya plastiki. Abiria aliyekuwa na haraka ya kuvuka alisimama dakika chache mbele ya pazia, akaondoka na picha ya kupeleka kwao. Zogo lote la kivukoni lilibaki nje ya fremu. Wale mabwana walijua kwamba kamera haioni mtaa mzima. Inaona pale tu ilipoelekezwa.

Tafuta mwanga kabla ya ukuta

Kosa la wengi ni kuanza na mandhari. Wanaona ua zuri, wanamsimamisha mtu hapo, ndipo wanagundua kuwa jua linampiga machoni. Mpangilio unapaswa kuanzia kwenye mwanga.

Jua letu ni kali na lina haraka. Dar es Salaam iko takriban digrii 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Kufikia saa 3 asubuhi upole wake umekwisha, na adhuhuri linakaa utosini. Anayepigwa picha saa 7 mchana akiwa juani hutoka na mashimo meusi mahali pa macho, kivuli cha pua mdomoni na paji la uso linalowaka. Bustani ya hoteli haiwezi kuponya hali hiyo. Kinachoiponya ni kivuli.

Hata hivyo, vivuli havilingani. Kinachofaa ni kile kilichofunikwa juu lakini kikabaki wazi upande mmoja: barazani, chini ya upenu, chini ya turubai la genge, au ubavuni mwa nyumba ambako jua halijafika. Mtu asimame karibu na ukingo wa kivuli, uso wake ukitazama upande ulio wazi. Kivuli cha mwembe kinahitaji uangalifu, kwa kuwa majani hupitisha vidoa vya jua, na kidoa kimoja juu ya shavu kinatosha kuharibu picha.

Ukitaka kuujua mwanga wa mahali, nyoosha mkono mbele yako na uzunguke taratibu huku ukiutazama. Utaona upande ambao vidole vinapata umbo na ngozi inang'aa kwa upole, na upande ambao mkono unakuwa bapa au mweusi. Hii ni njia ya wakubwa. Jane Bown, aliyeanza kulipigia picha gazeti la The Observer la Uingereza mwaka 1949 na kudumu nalo kwa miongo kadhaa, alipima mwanga kwa kutazama unavyoanguka juu ya mgongo wa mkono wake. Hakupenda mataa. Mwaka 1976 alimsubiri mwandishi Samuel Beckett kwenye mlango wa waigizaji wa Royal Court Theatre, London. Beckett hakuwa na hamu ya kupigwa picha. Bown akampata uchochoroni hapo hapo, akapiga chache, na moja kati ya hizo ndiyo sura ya Beckett ambayo ulimwengu unaikumbuka: mikunjo kama mifereji ya mvua mlimani, macho makali, na nyuma yake hakuna cha kutazama. Mahali penyewe palikuwa pa kupita watu na takataka. Mwanga ulikuwa unatosha.

Studio iliyo katika kila nyumba ya Kiswahili

Nyumba ya Kiswahili, ile yenye baraza mbele, vyumba pande mbili na korido inayopasua katikati hadi uani, ina mahali pa kupigia picha panapoweza kushindana na studio yoyote ya mjini. Ni mlangoni.

Fungua mlango wa mbele wote. Funga ule wa uani. Mwombe mtu asimame hatua moja ndani ya kizingiti, atazame barabarani. Mwanga wa anga utamjia usoni kwa upole, umeshachujwa na upenu. Kwa kuwa mwanga hufifia haraka kadiri unavyoingia ndani, korido nyuma yake itageuka giza, na giza hilo litameza ndoo, baiskeli, gunia la mkaa na viatu vya watoto. Hakuna haja ya kuhamisha chochote. Akigeuza uso kidogo kuelekea mwimo mmoja wa mlango, shavu la pili litapata kivuli chepesi na sura itapata kina. Mpigapicha akae barazani, pembeni kidogo, asije akauziba mwanga anaoutaka.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenye fremu ya duka lenye shata, kwenye kontena la fundi simu, kwenye gereji iliyoezekwa mabati na kwenye darasa lenye dirisha kubwa. Popote penye uwazi mmoja mpana na giza nyuma, pana studio.

Iwapo mwanga unatoka upande mmoja tu na vivuli vimezidi, utafute upande wa pili. Ukuta mweupe uliopigwa na jua ng'ambo ya uchochoro hurudisha mwanga mwingi na laini. Mabati mapya nayo hurudisha, ingawa kwa ukali zaidi. Ndugu aliyevaa kanzu nyeupe anaweza kusimama hatua chache kutoka kwa anayepigwa picha, nje ya fremu, na shavu lililokuwa gizani likafunguka. Shuka jeupe lililoshikwa na watoto wawili linafanya kazi ileile inayofanywa na reflekta ya dukani.

Tahadhari ni rangi. Maduka mengi mitaani yamepakwa rangi kali za matangazo ya kampuni, na rangi ya ukuta husafiri pamoja na mwanga. Uso uliokaa karibu na ukuta wa kijani huchukua ukijani, na udongo mwekundu wa kijijini hupaka wekundu chini ya kidevu. Sogea hatua mbili tatu, au tandika mkeka mpauko chini, na rangi ya ngozi itarudi.

Ngozi yetu na hesabu ya kamera

Kuna jambo ambalo watu hulichukulia kuwa ni ubaya wa mahali, kumbe ni hesabu ya kamera. Kipima mwanga cha kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha rangi ya kati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Mweke mbele ya giza tupu, kamera itaongeza mwanga mpaka uso upauke.

Teknolojia hii ina historia ya upendeleo. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Wazee wetu waliotoka weusi tii kwenye picha za rangi hawakuwa na kasoro yoyote. Mizani ndiyo iliyokuwa imepimwa kwa ngozi ya mtu mwingine.

Dawa yake ni kupima usoni. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha telezesha kidole kupandisha au kushusha mwanga mpaka ngozi ionekane kama unavyoiona kwa macho. Ukuta ukipauka kidogo, na upauke. Mweke mtu mbele ya kitu cha rangi ya wastani, mathalani tofali zisizopigwa plasta, mlango wa mbao au ukuta wa udongo, na kazi itakuwa nyepesi zaidi. Tofali za saruji ambazo kila mtu anazikimbia ndizo zinazoipatia ngozi nyeusi mandhari tulivu kuliko ukuta mweupe wa hotelini. Ngozi nyeusi pia inapendeza kwa mng'ao: mwanga wa pembeni ukipita juu ya shavu au bega lililopakwa mafuta kidogo, unachora umbo ambalo mwanga wa mbele hauwezi kulichora. Futa jasho la paji la uso, lakini usiuue mng'ao wote kwa poda.

Kipande cha ukuta

Baada ya mwanga, ndipo utazame kilicho nyuma. Umbali ndio silaha ya kwanza. Mtu akiegemea ukuta, kila mwanya wa plasta utaonekana. Akisogezwa mbele mita mbili au tatu, na mpigapicha akamkaribia kwa lenzi ndefu iliyofunguliwa tundu kubwa, ukuta uleule unalainika na kuwa rangi tu. Wenye simu watumie lenzi ya kukuza iliyomo, wasimame nyuma kidogo, badala ya kumsogelea mtu kwa lenzi pana inayoivimbisha pua. Kile kipengele cha simu kinachofifisha nyuma kinasaidia, lakini mara nyingi hukosea kwenye nywele, ukingo wa kofia na mtandio. Umbali wa kweli haukosei.

Silaha ya pili ni urefu wa kamera. Ukichuchumaa, unaondoa fujo ya chini na kumpandisha mtu kwenye anga au kwenye ukuta wa juu. Ukipanda juu ya kiti na kumwomba atazame juu, nyuma yake inabaki sakafu: saruji iliyofagiwa, mchanga au jamvi. Nyaya za umeme na nguzo hutoweka.

Ya tatu ni jicho linalozunguka fremu kabla ya kupiga. Je, kuna nguzo inayochomoza kichwani? Kuna mstari wa ukuta unaokata shingo? Kuna ndoo nyekundu pembeni inayovuta macho kuliko uso? Nusu hatua kushoto hutatua mengi ya hayo. Mabati yaliyochakaa, yakitazamwa moja kwa moja, yana mistari iliyonyooka ambayo macho huipenda. Yakipigwa na jua yanameta na kuumiza. Mlango uliopauka bluu, pazia la chumba, marobota ya mitumba, rundo la magunia, vyote vinafaa vikiijaza fremu nzima. Kinachochosha macho ni vitu kumi tofauti kugombea nafasi moja.

Ukuta unaofaa ukikosekana kabisa, kanga ipo. Mbili zikitundikwa kwenye kamba ya nguo, zikavutwa zisikunjane, zinatosha picha ya mtu hadi kiunoni. Keïta angelielewa hilo mara moja.

Kuficha mahali au kupaonyesha

Yote hayo yanasaidia kupunguza mahali. Lakini kuna picha ambazo mahali panapaswa kubaki, na mpigapicha mzuri anajua kutofautisha.

Richard Avedon wa Marekani alichukua njia ya kufuta. Kati ya mwaka 1979 na 1984, kwa kazi aliyoagizwa na jumba la makumbusho la Amon Carter huko Fort Worth, Texas, alizunguka magharibi ya nchi hiyo akiwapiga picha wachimba madini, wafanyakazi wa mafuta, wa machinjio na watu wa kutangatanga. Alibandika karatasi nyeupe ukutani, upande wa kivuli, akawasimamisha mbele yake. Mgodi na barabara vikatoweka. Wakabaki watu na nguo zao za kazi.

August Sander wa Ujerumani alifanya kinyume. Mwaka 1928 alimpiga picha mpishi wa keki jikoni kwake mjini Cologne, akiwa na koti jeupe na bakuli lake la kukorogea. Jikoni lile halina urembo, lakini mwanamume yule amesimama ndani yake kwa mamlaka ambayo bustani isingempa. Nadhani fundi cherehani wa barazani, mama lishe, fundi baiskeli na kinyozi wetu wanastahili njia ya Sander. Masizi ya ukutani kwa mama lishe ni sehemu ya miaka yake ya kazi. Kumtoa hapo na kumsimamisha kwenye maua ni kumnyang'anya nusu ya habari zake.

Hapo ndipo adabu inapoingia. Kuna wapigapicha wanaopenda kuta mbovu kwa kuwa ni mbovu. Humsimamisha mwanamitindo aliyevaa kitenge cha bei mbele ya kibanda cha mtu, bila kumsalimu mwenye kibanda, kisha huondoka na picha. Umaskini wa mwenzako si pambo. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, muulize anataka nini kionekane na nini kisionekane, na umpelekee picha yake ulivyoahidi.

Anza kwa salamu, na mengine yatafuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naomba nikupige picha hapahapa barazani."

"Hapa? Mbona pachafu, mwanangu? Ngoja nifagie."

Mwache afagie. Mwache akabadilishe kanga, avae hereni zake, amwite mjukuu mmoja wakae pamoja. Dakika hizo hazipotei, kwa kuwa anapaandaa mahali pake mwenyewe, na akirudi kuketi utaona mabega yametulia. Mtu hujiachia zaidi kwenye kiti chake kuliko kwenye jiwe la bustani asiyoijua, ambako mlinzi anasubiri kuuliza nani amelipia.

Kwa nini ni muhimu sasa

Mji unabadilika mbele ya macho yetu. Kariakoo, nyumba za Kiswahili zilizokuwa na baraza na milango ya mbao zimebomolewa moja baada ya nyingine, ghorofa zikapanda. Magomeni, Ilala na Temeke zinafuata mkondo huohuo. Familia nyingi zina albamu zilizojaa picha za ufukweni na hotelini, lakini hazina hata moja inayomwonyesha babu kwenye mlango aliopitia kila asubuhi kwa miaka arobaini. Mtoto atakayeuliza tulikuwa tunaishi wapi ataonyeshwa bwawa la kuogelea la watu wengine.

Gharama ya kurekebisha hilo ni ndogo. Haihitaji kamera ya mamilioni wala mataa. Jumapili hii, baada ya saa 10 jioni, toa kiti kimoja barazani. Funga mlango wa uani, ufungue wa mbele. Waite waliomo ndani mmoja baada ya mwingine, ukianza na mkubwa kuliko wote. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, tazama pembe nne za fremu, kisha piga. Ukimaliza, peleka picha hizo zikasafishwe na kuchapishwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu hupotea na kuharibika, na andika nyuma ya kila moja jina, mtaa na tarehe. Wajukuu watazihitaji.